Chupa Nyeusi ya Mama Fanny

Siku ya tatu ya matanga ya Fanny, Papa Omer alileta bidoni ishirini za maji kwa mkokoteni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mama Fanny, pole. Mutoto alikuwa wa sisi wote. Haya maji ni ya kupikia wageni, hakuna kulipa." Pétronille, mama wa marehemu, aliyapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Ugali ukasongwa kwa maji yale, ndakala, vile vidagaa vya ziwani, zikapikwa, watu wakanawa na kunywa. Kesho yake waombolezaji wawili walilazwa kwa kipindupindu, kulekule alikofia Fanny, kwenye vitanda vyenye tundu katikati.

Ndipo Pétronille alipojua kwamba maji ya Omer ndiyo yaliyomuua mwanawe. Tangu saa ile, kilichokuwa kifuani mwake hakikuwa tena huzuni peke yake. Alikuwa amemshukuru! Goti lile alilopiga lilimuuma kuliko kaburi.

Pétronille alizaliwa kando ya ziwa, kwa wavuvi Waholoholo. Baba yake aliuza samaki mpaka bintiye akapata diploma ya biolojia na kemia, na diploma hiyo ikampeleka labo, maabara ya maji hapa Kalemie, kuosha glasi. Miaka sita aliosha glasi za wenzake huku macho yakiwa kazini. Siku mpimaji mmoja alipougua, alivaa koti lake jeupe bila kuulizwa, akapima, na hakuna aliyekuta kosa. Koti likabaki lake. Jumapili aliimba sauti ya tatu katika kwaya, na mbele ya kwaya, kiti cha kwanza, aliketi Omer, shemasi, mwenye kisima na pampu na tangi na robine nne, mabomba ambako mtaa mzima ulichota.

Hatua thelathini juu ya kisima hicho, upande wa mlima, palikuwa na vyoo vya nyumba za Omer za kupangisha. Kila mtu aliviona. Lakini maji yake yalikuwa yamepimwa mara tatu, na mara zote tatu yalionekana safi.

"Kisasi mwachie Mungu," mchungaji alimwambia Pétronille.

"Namwachia, Mchungaji. Lakini Mungu ana mikono mingi, na mmoja unavaa glavu."

Miezi miwili baada ya matanga, labo ilipewa kazi ya kulinganisha njia tatu za kutafuta vijidudu vya kinyesi katika maji. Visima kumi vilitakiwa. Pétronille ndiye aliyeandika orodha, na robine ya Omer ilikuwa ya kwanza.

Njia ya kwanza ni kichujio: maji yanavutwa kupitia karatasi nyembamba, karatasi inalazwa kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, kisahani kinatiwa katika sanduku la joto, na kesho yake unahesabu vidoa vya njano. Ya pili ni mirija ya mchuzi: vijidudu vikila, vinatoa gesi, nayo inanaswa ndani ya kimrija kilichopinduliwa. Ya tatu ni kichupa chenye unga. Kinawekwa juu ya kabati tu, hata umeme ukikatika. Kikiwa cheusi, maji yameguswa na kinyesi. Papa Damien, mkuu wa labo, aliipenda ya kwanza, akaivumilia ya pili, akaicheka ya tatu.

Kwa desturi ya labo, mwenye maji huandikiwa barua siku tatu kabla, naye hutia sahihi kwamba ameipokea. Omer alitia sahihi. Siku ya kuchota aliwapokea watu wa labo mwenyewe, akafungua robine kwa mkono wake. Kesho yake kisahani kilikuwa kitupu. Siku ya pili mirija haikuwa na gesi. Asubuhi hiyohiyo kichupa kilikuwa cheusi kama makaa.

"Mbili kwa moja," alisema Damien. "Andika safi. Hiyo chupa yako njo dawa ya mganga, Mama Fanny. Inakuwa nyeusi hata ukiiangalia vibaya. Labda ni salfa ya mawe."

"Salfa ya mawe inageuza chupa palepale, shefu. Hii ilikaa siku nzima na rangi ya chai."

"Andika safi," alirudia, akaenda kula.

Pétronille alibaki peke yake. Kwenye rafu palikuwa na chupa ya maji ya mtaro, ile wanayoitumia kuhakikisha chakula cha vijidudu bado ni kizuri. Tone moja kwenye kisahani kipya lingetosha. Aliishika pipeti, akaichovya, akaiinua. Kisha akaimwaga. Si utakatifu uliomzuia. Kisasi cha uongo kingempa Omer mahali pa kusimama: angelia mbele ya kanisa kwamba ameonewa, na angekuwa anasema kweli. Pétronille hakutaka kumwachia hata chembe moja ya kweli.

Akakaa, akaitazama chupa. Vijidudu havifi sawa. Vile vinavyotafutwa na kichujio na mirija ni laini. Klorini ikipita, vimekwisha. Lakini viko vingine vya tumboni vinavyojifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu. Klorini inapita, vyenyewe vinangoja, na ni hivyo vinavyoweza kufanya chupa iwe nyeusi. Kumbe njia tatu hazikuwa zinabishana. Mbili zilisema: leo hakuna aliye hai. Ya tatu ilisema: lakini kinyesi kilipita hapa. Mtu ameosha tangi kwa klorini baada ya kupokea barua, harufu ikapata siku za kutoka.

Damien aliporudi akamweleza. Mzee akajikuna kichwa.

"Turudi lini?"

"Jumapili, saa ya ibada."

"Bila barua?"

"Maagizo ya kazi yanasema njia zikipingana, pima tena. Nimeyasoma yote, shefu. Neno barua halimo."

"Wee mama, karatasi hiyo uliisoma kama Biblia."

"Wiki hizi, zaidi."

Jumapili, Omer akiwa kiti cha mbele, Pétronille aliuchoma mdomo wa robine kwa pamba yenye alkoli, akachota, akaweka chupa kwenye barafu. Kisha akajaza bidoni moja ndogo.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Damien.

"Ya kurudisha."

Safari hii kisahani kilijaa njano, vidoa visivyohesabika. Mirija yote ilikuwa na gesi. Chupa ilikuwa nyeusi. Damien alitia sahihi, na siku ya Ijumaa maofisa wa usafi wakafunga robine nne kwa waya na lakiri.

Mwingine angetosheka. Jumamosi Pétronille alibeba bidoni yake mpaka uani kwa Omer, ambaye alikuwa ameketi na wageni wawili wa kanisa na mkewe, Mama Célestine.

"Karibu, Mama Fanny," Omer aliinuka. "Mimi sina kinyongo. Kazi ni kazi."

"Asante, Papa Omer. Uliniletea bidoni ishirini. Nakurudishia moja." Akatoa kikombe cha plastiki kwenye mfuko, kile cha Fanny, akamimina. Maji yalimetameta. "Ya robine yako. Kunywa."

Mgeni mmoja akacheka, akidhani ni utani.

"Yamekaa," alisema Omer. "Ni maji ya siku nyingi."

"Siku sita. Fanny alikunywa ya asubuhi ileile."

Omer hakunyoosha mkono.

"Papa, kunywa basi tumalize maneno," alisema Célestine. "Si njo maji yetu?" Halafu uso wake ukabadilika. "Ulituambia yana chumvi. Miaka miwili unatutuma kuchota ya kunywa kwa masista. Ulisema yana chumvi, Papa."

Pétronille alimwaga kikombe miguuni pa Omer, akamwaga na bidoni, akaenda nyumbani bila kuaga.

Sasa Omer anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na Célestine anakaa mbali naye. Pétronille bado anaimba sauti ya tatu. Kanisa likisali kwa pamoja sala ile ambayo kila mtoto anaijua, yeye anasali na wote mpaka mstari wa kusamehe. Hapo anafunga mdomo, anangoja upite, kisha anaendelea. Mungu anajua ni wapi anaporuka, na bila shaka anamngojea hapohapo.