Sinema Ndani ya Lifti Mbovu

Bwana Vitufe aliajiriwa kuendesha lifti ya jengo la ofisi, na lifti ilipokufa hakuna aliyekumbuka kumwachisha kazi. Kwa miaka kumi na mmoja alifika asubuhi na tai yake shingoni, akaufungua mlango kwa mikono, akaketi kwenye kigoda ndani ya kile chumba cha bati kilichokwama ghorofa ya chini, naye akamwambia kila aliyeingia, kwa adabu zote, "Tumia ngazi."

Siku moja mpwa wake, karani wa masjala, akamwonyesha kwenye simu hazina ya mtandaoni: picha za kuchora, vitabu, filamu za kale, vyote wazi.

"Bei gani?"

"Bure, Mjomba."

"Nani karuhusu?"

"Hakimiliki zake zimekwisha muda. Ni mali ya watu wote."

"Watu wote ndio nani? Nitajie hata mmoja."

"Si wewe hapo."

Jibu hilo lilimnyima usingizi. Kesho yake alikuja amenyoa ndevu, viatu vinang'aa, maana mtu haendi kukagua mali yake ovyo ovyo. Akafungua picha ya samaki watatu kwenye sahani, akaikuza, akaikuza tena, hadi akamwona nzi katua juu ya pezi.

"Nzi wangu," akanong'ona, machozi yakamlenga.

Habari haina miguu lakini hutembea. Watu waliofuata mihuri ofisini wakaanza kuchungulia, wakabaki. Makarani wakaja na viti. Simu ikabandikwa ukutani, na siku ya filamu bubu watu kumi na wawili walibanana humo kama njiti kibiritini. Ilihusu mtu aliyebeba kabati mgongoni, akitafuta nyumba ya kuliweka.

Mkurugenzi akashuka amefura. "Kuna nini hapa?"

"Shh!" akasema Bwana Vitufe, ambaye hakuwa amewahi kumjibu mkubwa. "Mlango wa nyumba ni mdogo."

Mkurugenzi akanyoosha shingo. "Kwa nini asilivunjevunje?"

"La marehemu mkewe."

"Alaa!" Akajipenyeza ndani.

Sasa, siku hiyohiyo fundi aliyeitwa miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa amefika, yuko juu kwenye mitambo. Lifti ikatetemeka, mlango ukajifunga, wakapaa. Walidhani ni utamu wa filamu. Mlango ulipofunguka ghorofa ya tano, mhasibu aliyekumbatia mafaili akauliza, "Mnashuka?"

"Subiri, mama," akasema Mkurugenzi bila kugeuka. "Bado hajalitua."

Mama akayaweka mafaili sakafuni, akaingia.

Wiki ileile waraka ukatoka, umetiwa saini na muhuri: lifti ni nzima, ila kila siku ya kazi, saa sita hadi saa nane mchana, itakuwa mbovu. Bwana Vitufe akausoma mara mbili, akapanda kwa Mkurugenzi kulalamika. Saa mbili, alisema, hazitoshi kumaliza riwaya.