Tulivyolijibu Swali la Tisa la Fomu ya Ruzuku

Fomu yetu ilirudishwa. Sisi ni akina mama kumi na mmoja wa hapa Babati, tunalima mboga nyuma ya nyumba zetu na kuziuza kwenye magenge, na tulikuwa tumeomba ruzuku ya serikali kwa vikundi vya kilimo cha mjini. Maswali yote tuliyajibu vizuri isipokuwa la tisa: mradi wenu utawafikiaje majirani wasio na uwezo wa kununua chakula? Tuliandika, "Tutawauzia kwa bei nafuu." Afisa akatuita, akasema, "Mama zangu, asiye na kitu, hata bei nafuu kwake ni ghali." Akatupa wiki mbili turekebishe. Mimi ndiye katibu, na mwandiko ule ulikuwa wangu, basi fedheha nayo niliichukua. Tukasikia kuna kikundi katika kata ya Sokon One, Arusha, kilichopata ruzuku hiyo mwaka jana. Wenzangu wakanichangia nauli, wakaniambia nisirudi bila jibu.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi niliondoka. Masika yalikuwa yamekwisha karibuni, na kuanzia Minjingu hadi Makuyuni nyanda zote zilikuwa kijani, ng'ombe wameshiba hata hawageuki gari likipita. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba nikifika Kisongo nitauona Mlima Meru. Mawingu yalikuwa yameukalia hadi kiunoni, nikaona miguu tu.

Kabla ya adhuhuri nilishuka Arusha. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Naserian, alinipokea stendi. Ni Mwarusha mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe toka ng'ambo ya bonde.

"Karibu dada. Umekula?"

"Nimekula njiani."

"Hujala," akasema, akanichukulia mfuko.

Bustani yao iko katikati ya nyumba, kwenye kiwanja walichoazimwa na familia moja ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi. Ruzuku ya awamu ya kwanza iliwapa tenki la maji, wavu wa kivuli na mipira ya kumwagilia kwa matone. Chainizi, figiri na mnafu vimejipanga mistari kama wanafunzi asubuhi. Mbele, kando ya barabara, kuna genge lao.

Jioni nilikaa pale gengeni na daftari langu, nikingoja kumwona mtu akipewa bure. Watu walinunua, wakaenda zao. Hakuna aliyepewa. Nikaanza kuudhika, maana sikupanda basi kwenda kutazama watu wakinunua mboga.

"Mama Naserian, mbona hao wasio na uwezo siwaoni?"

Akacheka. "Siku utakayowaona, ujue tumeshindwa. Kesho utapalilia na sisi."

Jumatano saa moja asubuhi alinipa jembe dogo na khanga iliyopauka nisichafue nguo za safari. Tulikuwa kama watu kumi na watano. Kwenye mstari wa pembeni yangu alikuwa dada mmoja aitwaye Flora, na tulipalilia tukiongea habari za watoto wetu na bei ya unga. Wa kwanza kumaliza mstari aliosha mikono, akachukua mafungu mawili ya mboga yaliyopangwa kwenye benchi, akaaga. Akafuata mwingine. Wengine walikuwa wanakikundi, wengine hawakuwa, na mimi sikuweza kuwatofautisha. Hapo ndipo nilipoelewa. Asiye na hela huja kupalilia pamoja na wenye bustani, na huondoka na mboga zake kama wao.

Nilikuwa nafuta mikono niandike, ndipo akaingia afisa wa ruzuku wa hapo Arusha. Jina lake Fadhili, kijana mpole mwenye kishikwambi, amekuja kukagua kabla ya awamu ya pili. Alihitaji majina ya wanufaika. Mama Naserian alishtuka, akamwomba wazungumze kwanza. Baadaye aliniambia kwamba mwaka jana orodha ya majina ilibandikwa ukutani, na wiki iliyofuata mistari yote ilikosa watu.

"Ni dakika chache tu, mama," Fadhili akasema, akaja moja kwa moja kwangu. "Mama, wewe ni mnufaika? Jina lako kamili?"

Aliuliza kwa adabu kabisa, lakini uso wangu uliwaka moto. Nilitaka kumwambia nina genge langu, nina wateja, nyumbani kwangu hatulali njaa. Maneno yalifika mdomoni. Nikamwona Flora ameacha kupalilia, ameinama, anavuta kitambaa cha kichwa kifunike uso. Anayefuata alikuwa yeye. Nikisema mimi si wa namna hiyo, nitakuwa nimemtaja.

"Mwanangu," nikamwambia, "naomba tusogee pale kwenye tenki."

Kule nilimweleza kwamba mimi ni mgeni kutoka Babati. "Lakini kwa kuulizwa tu mbele za watu, nimetamani ardhi inimeze. Na mimi nina akiba ya unga nyumbani. Asiyenayo je?"

Akatelezesha kidole kwenye kioo. "Mfumo haukubali kufunga fomu bila majina, mama."

Mama Naserian, aliyetufuata, akadakia, "Mjumbe wetu wa mtaa anaijua kila kaya. Athibitishe yeye idadi, majina yabaki kwenye daftari lake."

Fadhili akaenda kando kupiga simu. Aliporudi alisema hana hakika kama watakubali, ila ataandika hivyo na kueleza sababu. Halafu akainama, akang'oa gugu moja aliloliona karibu na kiatu chake. Flora alikuwa ameshaondoka. Mafungu yake yalikuwa bado kwenye benchi. Mama Naserian akayachukua, akatoka nayo bila kusema anakwenda wapi.

Mchana mimi na Mama Naserian tulipanda Olmotonyi kwa mama mkwe wake kufuata samadi. Nilimwamkia, "Shikamoo, koko," kama nilivyofundishwa njiani, kwa maana ndivyo Waarusha wanavyomwita bibi. Akatupa loshoro, mahindi kwenye maziwa ya mgando, na hakuniuliza kama nimekula. Aliposikia habari za afisa alisema, "Andikeni na mimi kwenye hiyo fomu. Ruzuku ya kwanza ilitoka kwa ng'ombe wangu." Tulicheka hadi tukashindwa kunyanyua magunia.

Alhamisi nilirudi Babati. Wenzangu walibishana na jibu nililoleta. Mmoja alisema tutajaza bustani watu wasiojua gugu wala mche. Mwishowe nikaandika: atakayekosa hela atalima nasi na kuondoka na mboga kama sisi, na hatutamtangaza.

Kabla mwezi haujaisha Mama Naserian alipiga simu kwamba awamu ya pili imekubaliwa. Flora naye amerudi mstarini, ilimchukua wiki mbili. Ya kwetu tumepata pia, pungufu ya tulichoomba, lakini tenki limesimama.

Juzi asubuhi jirani mmoja aliingia bustanini na jembe lake begani. Zamani ningemwuliza kuna nini nyumbani, mume yuko wapi, mbona mapema hivi. Nilidhani huko ndiko kujali. Aliuliza, "Nianzie wapi?" Nikamwonyesha mstari wa figiri, nikainama kwenye wangu.