Wageni Walionyimwa Dada

Kiingereza kimeingia Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, kama mafua, hakuna nyumba iliyopona. Baba anauza vipuri vya magari, na maisha yake yote hakuhitaji lugha nyingine zaidi ya Kiswahili, Kirundi na matusi machache ya Kifaransa. Sasa anawasalimia wateja "good morning" hata jua likiwa linazama. Kinyozi wa jirani ameandika ukutani maneno ya Kiingereza ambayo yeye mwenyewe anaomba asiulizwe maana yake. Na mimi, binti mdogo wa nyumba, ninayenunua chumvi kwa kuinyooshea kidole ili nisizungumze na muuzaji, niliandikishwa kwenye santre ya lugha, chumba kimoja nyuma ya huyo kinyozi.

Mwalimu wetu ni kijana aliyewahi kuishi Kampala, na hatuachi tusahau. Alituambia Waingereza ni watu wavivu: walipata neno moja zuri, wakalituma kazi zote. Akaliandika katikati ya ubao, "get", akachora mishale kila upande mpaka ubao ukafanana na buibui. Ukipokea zawadi, get. Ukifika nyumbani, get. Ukielewa hesabu, ukishikwa na malaria, ukilowa mvua, ukizeeka, ukiamka, ukiolewa, yote get.

"Mukilijua hili," alisema, "nusu ya Kiingereza iko mufukoni."

Tulikaa nalo muhula mzima. Nusu ya pili ni ya kozi inayofuata.

Ndipo dada yangu akapata mchumba, Mganda anayemletea baba vipuri, na ukoo wake ukatuma habari kwamba unakuja kuposa. Baba alinitazama kama mtu aliyekumbuka kwamba ana jenereta stoo.

"Wageni wanasema Kiingereza. Na sisi tuko na mukalimani humu ndani."

"Baba, mi siwezi."

"Utaweza. Apana kunitia haya."

Kwetu msichana hatolewi kwa kuombwa mara moja. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye msemaji wa familia, na kazi yake ya kwanza ni kukataa. Anasema mmekosea nyumba, hapa hakuna msichana. Wageni wanasisitiza, anakataa tena. Wageni wakinyimwa sana, msichana ana thamani sana. Kuna mama mmoja mtaani kwetu ambaye waposaji wake walinyimwa toka adhuhuri hadi alasiri. Ana watoto wakubwa sasa na bado anatusimulia. Dada naye alikuwa amembembeleza baba mkubwa wiki nzima: "Baba mukubwa, uwanyime vizuri."

Siku ilipofika, dada alikaa chumbani nyuma ya pazia, hina mikononi, na rafiki zake. Sebuleni wageni walijaa: wazee wa kanzu, vijana, na shangazi wa bwana harusi, mama mkubwa wa mwili aliyeushika mkoba wake mapajani. Msemaji wao alisimama akaongea Kiingereza kirefu. Nilishika neno bustani na neno ua.

"Wanatafuta ua," nilisema, nikikiambia kiatu changu.

Baba mkubwa akafuta miwani, akakohoa.

"Ndugu zangu, mumepotea njia. Nyumba hii haina musichana. Haijawahi kuwa na musichana. Huyu mukalimani munayemuona tumemukodi." Watu wetu wakacheka. Akanigeukia. "Haya, waambie."

Nilitafuta "mumepotea" kichwani, sikuikuta. Nikatafuta "haijawahi". Kilichokuja ni yule buibui wa ubaoni. Shangazi alikuwa akinikazia macho, mkono juu ya mkoba, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nikawaza: hawa ni wageni, watajuaje kwamba huku kukataa ni mchezo? Nikiwaambia hakuna msichana, watachukua vitu vyao waende zao, na dada atabaki na hina yake. Nikafungua mdomo. Kwa lile neno moja ninalolijua, kwa sauti nyembamba kama sindano, nikawaambia watampata.

Kijana mmoja wa kwao akapiga kelele, "Alhamdulillahi!" Vigelegele vikafuata.

Baba mkubwa alibaki amesimama, kidole hewani. "Wanafurahia nini? Si nimesema hakuna musichana?"

"Labda ndiyo desturi yao," alisema baba.

Mkono wenye hina ukatoka nyuma ya pazia, ukanivuta ndani.

"Umewaambia nini?" aliuliza dada.

"Kwamba watakupata."

"Sasa hivi? Hata mara moja hawajanyimwa?"

"Niliogopa wataondoka."

"We mujinga we! Umenitoa kama ndizi za jioni pale sokoni!" Wanja ulianza kumtiririka. Rafiki mmoja akasema kumfariji kwamba hata haraka ina baraka, akaambiwa anyamaze.

Hapo tukasikia sauti ya shangazi kule sebuleni, kwa Kiswahili safi kabisa.

"Mzee, samahani. Nimefanya biashara Mombasa miaka mingi. Wewe umesema hakuna msichana, mtoto amesema tutampata. Nishike la nani?"



"Na kwetu pia wazee hukataa kwanza," aliendelea. "Msemaji wetu amejiandaa kubishana nawe tangu Kampala. Mtazame, amenuna."

"Sasa hicho Kiingereza cha nini?" aliuliza baba mkubwa.

"Tuliambiwa hapa mnakipenda."

"Na sisi tuliambiwa ndiyo lugha yenu!"

Nilichungulia. Wote walikuwa wanamtazama baba. Baba alikuwa anaitazama chupa yake ya Fanta kama vile imeandikwa Kurani.

Baba mkubwa akakohoa upya. "Basi. La mutoto halihesabiki. Kaeni chini." Viti vikalia. "Ndugu zangu, mumepotea njia. Nyumba hii haina musichana."

"Mzee," akajibu shangazi, na nilisikia furaha yake, "tumefuata harufu ya pilau."

"Pilau ni ya majirani."

Dada alijifuta wanja kwa ncha ya kanga, akasogea, akabandika sikio kwenye pazia. Mimi nilijikunja pembeni, nikisubiri kufukuzwa. Adhana ya alasiri ikaanza msikitini, na baba mkubwa akasikika akisema hata kama yupo, bado anasoma.

Dada akanishika mkono, akaufinya.

"Sikia," akaninong'oneza, "wamenyimwa tena."