Nyuzi Tatu za Gemu la Rede

Nianze na kilichonikera, maana nikianza na mazuri hasira zitapoa, na mie sitaki zipoe. Ukumbini pale Kinondoni, siku ya maonyesho ya vijana wa kompyuta, binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni alimfuata mama yangu, mwanamke wa miaka sitini na ushee, kavaa dera lake la kutokea, akamwambia, "Shikamoo mama. Zile meza za huku bado hazijafutwa." Akampa na kitambaa. Na mama yangu akakipokea, akafuta! Mie nilikuwa nimeingia chini ya meza kutafuta pa kuchomeka waya. Nainuka, namkuta yuko meza ya tatu anasugua doa la soda.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafuta. Kwani wewe hulioni hili doa?"

Huyo aliyekuwa anafuta meza ndiye aliyechora gemu lililotupeleka pale. Picha zote, kuanzia mtoto wa kwanza mpaka chupa ya mwisho. Ngoja nieleze vizuri, nisije nikaambiwa nina mdomo tu.

Mie nafanya kazi steshenari, Mbagala. Natoa kopi, naskani vyeti, nachapa barua za kuomba kazi. Nyumbani tunayo mashine ya gemu ya kaseti, zile za kuchomeka kwenye TV ya zamani ya chogo, ambazo watu wa rika langu tulizigombania tukiwa shule ya msingi. Wenzangu walishazitupa. Mie yangu sikuitupa, na siku moja nikagundua mtandaoni kwamba duniani kuna watu wazima, wana akili zao timamu, wanaziandikia mashine hizo magemu mapya mpaka leo. Hawana kampuni wala hawajamwomba mtu ruhusa. Mtu anakaa kwake, anaandika, anajaribu kwenye emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye ndiyo ile mashine ya zamani, na likikubali analiingiza kwenye kaseti yenyewe. Nikasema, kumbe! Na mie naweza. Nikaamua kuandika gemu la rede.

Rede sina haja ya kumweleza mwanamke yeyote aliyekulia uswahilini, lakini wanaume wa kamati ya maonyesho niliwaeleza mara tatu. Wawili wanarushiana mpira, wa kati anaukwepa, na huku anakwepa anajaza chupa mchanga. Chupa ikijaa hajapigwa, kashinda. Mmoja akaniuliza, "Sasa adui ni nani?" Lo! Eti adui! Mtu hajawahi kula mpira wa soksi wa mgongo kutoka kwa binamu yake, halafu ndiye anayekupimia gemu.

Mwendo wa mpira niliuandika mwenyewe, nikauweza. Kuchora ndiko kulikonishinda. Watoto wangu walitoka kama mabegi yenye miguu. Mashine ile ni bahili jamani: picha inaungwa kwa vipande, kila kipande viboksi nane kwenda na nane kushuka, na ndani ya kipande unapewa rangi tatu, basi. Nilichora nikafuta, nikachora nikafuta, mama ananitazama tu kutoka kwenye kochi, sindano mkononi. Mama anadarizi vitambaa vya makochi tangu akiwa msichana kwao Masasi, vile vya kuhesabu: tundu, msalaba, tundu, msalaba, mpaka linatoka ua, anatoka tausi. Siku hiyo akanyanyuka, akasimama nyuma yangu, akakiangalia kioo weee.

"Kumbe na nyie mnahesabu," akasema.

Nikamwambia tunahesabu, ila rangi ni tatu tu.

"Nyuzi tatu? Kwani aliyeitengeneza alikuwa na dhiki?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Haya, pisha hapo. Nitafutie kitambaa."

Basi tukafanya kazi hivyo, na sijasikia popote mtu mwingine aliyefanya hivyo. Mama anamdarizi mtoto kwenye kitambaa cheupe kwa nyuzi tatu. Mie nakaa pembeni yake na daftari la hesabu, nasoma msalaba mmoja mmoja: tupu, tupu, nyeusi, nyekundu, nyekundu, tupu. Nazigeuza namba, naziingiza, na mtoto anasimama kwenye TV. Alipokimbia mara ya kwanza mama alipiga kigelegele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akaja kuuliza nani kaposwa. Halafu mama akasogeza uso karibu na kioo.

"Huyu hajawahi kucheza rede," akasema.

"Kwa nini?"

"Mtoto wa kati hakimbii mikono mitupu. Anashika gauni, asijikwae."

Akafanya upya. Mkono mmoja juu, mwingine umekamata gauni ubavuni. Ilihama misalaba minne tu, na yule mtoto akawa mtoto kweli, nikahisi namjua na nimeshamtupia mpira. Nilimbusu mama kwenye paji la uso na akanisukuma, hapendi mambo hayo.

Tulipokubaliwa kwenye maonyesho nilijaza fomu, na penye watengenezaji nikaandika majina mawili. Kijana wa kamati akanipigia simu.

"Sista, hapa umeandika jina la mama yako?"

"Ndiyo."

"Yeye amesomea nini?"

"Kudarizi."

Akacheka. Na hakikuwa kicheko cha ubaya, ndicho kilichoniudhi zaidi. Alicheka kama nimemchangamshia siku. "Sasa sista, hii ni ishu ya wataalamu. Tumwekee tu kwenye shukrani, au vipi?"

Nilimjia juu. Nilimuuliza mtaalamu ni yupi, anayepakua picha za wenzake mtandaoni au anayehesabu misalaba mpaka macho yanamtoka machozi? Nikamwambia, wewe hapo ulipo, na digrii yako, ungeweza kumchora mtoto anayekimbia kwa rangi tatu? Steshenari nzima iligeuka kunitazama. Yule kijana akasema, "Basi sista, yaishe, tutaona." Na mji huu mtu akikwambia tutaona, ujue amekataa. Kadi ya kuweka mezani ilipokuja ilikuwa na jina moja, langu.

Hapo ndipo ningegoma. Sikugoma, kwa sababu mama alisema anataka kuwaona watu wakilicheza. Alivipiga pasi vile vitambaa vyote, akavipanga kwenye mfuko, ili mtu akiuliza picha zimetoka wapi aonyeshwe.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Mama kamaliza kufuta meza za watu, kaja kwenye meza yetu, kavitandaza vitambaa vyake kwa mpangilio, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, chupa, mpira. Hazikupita dakika kumi kijana mwingine wa kamati akapita na trei. "Aisee, nyie mmejipanga, mmekuja mpaka na vitambaa vya meza!" Akatua chupa mbili za soda, moja juu ya uso wa mtoto. Zinachuruzika maji hizo. Nilizinyanyua nikamrudishia mkononi na nikamwambia maneno ambayo hapa siyaandiki. Akashangaa kweli. Meza ya jirani walikuwapo vijana watatu na gemu lao la kupigana risasi, nikamsikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Hao ni wa gemu la vitambaa." Wakacheka kwa pua.

Jaji alikuja baada ya saa sita. Mtu wa makamo, mstaarabu, miwani kwenye kamba. Akakaa, akacheza, akapigwa mpira, akacheka, akacheza tena, na safari hii akajaza chupa. Kisha akasogeza kidole kwenye kioo.

"Huu mkono," akasema. "Huu ulioshika gauni. Dada zangu walikuwa wanashika hivihivi. Nimeona magemu mengi leo, sijaona kitu kama hiki. Umeupataje? Umechora kwa programu gani?"

Nilichotakiwa kufanya ni kugeuza shingo tu. Mama alikuwa amesimama hapo hapo, hatua moja, na mtoto wa nyuzi tatu yuko mezani mbele yake. Wale vijana wa jirani walikuwa wameacha ya kwao, wametega masikio. Na mie, mie niliyemfokea mtu kwenye simu mbele ya wateja, mie niliyerudisha soda, nikafungua mdomo nikasema, "Nimechora mwenyewe. Kwa mkono, kiboksi kimoja kimoja."

Jaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamgeukia mama kwa adabu zake. "Shikamoo mama. Una binti hodari."

"Marahaba," mama akajibu. "Ndiyo, kachora mwenyewe. Mie nimemsindikiza tu."

Akaja mpiga picha. Akatupanga, mie na jaji na ile kompyuta iliyokuwa inachezesha gemu. "Mama, sogea kidogo, unaingia kwenye picha." Mama akasogea, akavikusanya vitambaa vyake akavirudisha kwenye mfuko, kile chenye maji ya soda akakishika mkononi.

Nimewalaani watu wengi kwa ajili ya siku ile. Binti wa kitambulisho, kijana wa trei, vijana wa risasi, mpiga picha, wote nimewapa za uso kichwani mwangu, nikifua, nikipika, nikisubiri kopi zitoke. Washenzi! Lakini nikishamaliza kuwatukana narudi palepale. Wao walimdharau mama yangu kwa kuwa hawamjui. Aliyemkana ni mie, na namjua.

Jioni ile tulirudi nyumbani kila mtu na lake. Yeye alifua kitambaa, mie nikajifanya kichwa kinaniuma. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nikafungua gemu. Skrini ya mwanzo ilikuwa na jina langu peke yake kwa herufi kubwa, tangu nilipoanza kuliandika, kabla mama hajashika sindano. Nilitaka kuweka la mama, nafasi hamna. Kwenye mashine ile herufi nazo ni vipande kama picha, na vipande vyote vilishatumika. Nikafuta jina langu lote nikaweka la kwake peke yake. Nikajiona nimefanya jambo kubwa. Nikamwita.

Alivaa miwani, akasoma taratibu. "La kwako liko wapi?"

"Nimelitoa. Mama, nisamehe kwa jana. Jana nilisema..."

"Jana nilikusikia, sina uziwi."

Kisha akapandwa na hasira, hasira ambayo za kwangu zote si kitu. "Kwa hiyo jana umefanya peke yako, leo nimefanya peke yangu. Ndiyo nini? Unatubia uongo kwa uongo mwingine? Huyu mtoto mie najua kumkimbiza? Huo mpira naurusha mie? Jana nimesema uongo kwa ajili yako, mbele ya mtu aliyeniamkia kwa heshima, mie mtu mzima na nywele zangu nyeupe. Unataka niendelee kuusema kila wakiliwasha hili dubwana?"

"Majina mawili hayaenei, mama. Pamejaa."

"Pamejaa nini?"

Nikamwonyesha vipande. Akavipitia kimoja kimoja kwa kidole, mpaka akafika kwa kuku anayepita nyuma ya uwanja, kuku mwenye mkia, aliyemdarizi siku nne na kumpenda kuliko wote.

"Mtoe huyu."

"Mama, huyu kuku..."

"Nimesema fumua. Na ukimaliza, umtafute yule jaji."

"Nikamwambie nini?"

"Ulichomficha."

Nikamfumua kuku, viboksi vyote, huku mama kakaa pembeni yangu ananihesabia. Majina mawili yakaenea, moja chini ya jingine. Kisha nikampigia yule kijana wa kamati aliyenipigia kuhusu fomu, kumwomba namba ya jaji.

"Kuna tatizo, sista?" akauliza.

"Lipo," nikamwambia. "Na safari hii ni langu."