Mwiko wa Dani Uliomkosa Jogoo

Kisa chote kilitugharimu uvimbe mmoja wa kichwa na kijiko kimoja cha samli. Nimehesabu mara mbili. Lakini kila nikisikia harufu ya ugali wa mtama ukishika chini ya sufuria, naona kuna kitu nimekiacha nje ya hesabu.

Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu kule karibu na Macalder, alikuwa na mwiko usiojua kupumzika. Usiku ulikuwa komeo la mlango wa jikoni. Asubuhi ulikoroga blanketi kwenye beseni la sabuni, mchana ukafukuza mbuzi kwenye mihogo, na Dani akiwashwa aliupenyeza ndani ya gauni, akajikuna mgongo huku amefumba macho kama anasali. Mimi nami niliuongezea kazi: niliupigia mpira wa matambara.

Asubuhi moja baba mdogo Okello alikuwa anajitayarisha kwenda Kisegi kwa wakwe, kupeleka mahari. Ng'ombe walikuwa wametangulia. Yeye amevaa tai, amechuchumaa uani anapaka viatu rangi. Jogoo akaingia kwenye mtama ulioanikwa. Nikamrushia mwiko.

Jogoo aliinama. Baba mdogo hakuinama.

Sasa, kwetu Waluo mwanamume hapigwi na mwiko. Fimbo sawa, kiatu sawa, hata sufuria utasamehewa. Mwiko unambomolea mtu nyumba kabla hajaijenga. Baba mdogo akavua tai.

"Yawa! Mimi siendi tena. Nimlete binti wa watu kwenye mkosi?"

"Ng'ombe wako njiani, Okello," mama yangu akamwambia.

"Warudi! Au nichinjiwe kondoo nioshwe kwanza."

Dani akatoka jikoni, akauokota mwiko, akaufuta kwa gauni.

"Kondoo wa nini?"

"Nimepigwa na mwiko, Mama!"

"Mwiko gani? Hili ni komeo."

"Si ndio unasongea ugali?"

"Umeniona lini? Wewe mwanamume mzima, unafuata nini jikoni kwangu?" Kweli baba mdogo hakuwahi kuingia. "Hili nakunia mgongo. Hili nafulia blanketi. Mtu akiguswa na kitu cha kukunia mgongo anachinjiwa kondoo?"

"Basi kuku."

"Kuku anataga."

"Basi hata samli ya kupaka hapa."

"Samli utapata."

Akaenda Kisegi, tai imepinda, kichwa kinameremeta.

Jioni Dani aliosha ule mwiko, akasonga ugali nao. Nikafungua mdomo niseme. Akanitia kipande cha ukoko wa moto. "Kula, nyathini, mtoto wewe." Nilidhani ni mapenzi. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwamba lilikuwa kufuli. Nikaelewa pia kwamba Dani aliuogopa ule mkosi kuliko sisi sote, ila aliogopa zaidi mwanawe kukosa mke kwa sababu ya jogoo.

Dani ametutoka. Mwiko nimerithi mimi, uko hapa Awendo. Baba mdogo ana mke yule yule, watoto na wajukuu, na Jumamosi anakuja kula kwangu. Shida ni kwamba uzeeni amejifunza kuingia jikoni. Anafunua sufuria zote, anauliza hiki ni nini, kile cha nini.

Nishaurini, jamani. Nisonge ugali nao mbele yake, au mwiko niupachike mlangoni kama komeo, tulale njaa?