Koti Lisilo na Mgongo

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba sijawahi kujikondesha kwa ajili ya mwanamume. Nimelisema kwenye semina, nimelisema kwenye vikao vya harusi mbele ya mabibi harusi waliokuwa wakishinda njaa ili gauni lifunge, na nimeliandika mara mbili kwenye makala, kwa ukali kiasi kwamba wasomaji waliniandikia kunishukuru. Ni uongo. Nilijikondesha kwa miezi minne, Mbinga, miaka ya tisini, kwa ajili ya mwanamume niliyekuwa sijamwona hata kisigino, na kwa ajili ya koti la ngozi ambalo halikuwa langu wala halikuwa na mgongo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kupangiwa kufundisha sekondari pale mjini. Chuoni nilikuwa nimesoma mengi juu ya ukombozi wa mwanamke, na nilifaulu vizuri sana. Cheti nilikifungia sandukuni, na naona yote niliyosoma yalifungiwa humo humo.

Soko huria lilikuwa jipya. Zamani kahawa ilinunuliwa na ushirika na nguo tulizipangia foleni. Sasa msimu ukifika waliingia wanunuzi binafsi na pikapu zao, mitumba ikaingia nyuma yao, na kila mwanamume aliyetaka kuonekana amefika akavaa koti la ngozi. Mbinga kuna baridi, kwa hiyo kisingizio walikuwa nacho. Lakini baridi haimlazimishi mtu kuacha zipu wazi mpaka kitovuni ili mkufu uonekane. Makoti yenyewe yalishonwa kwa ajili ya vijana wembamba wa Ulaya. Mikono iliishia juu ya saa, na tumbo la mnunuzi lilitangulia mbele kama mtu wa pili aliyekuja kusikiliza bei. Niliwacheka sana. Nilikuwa na kipaji cha kuwacheka watu wiki moja kabla ya kufanya walichofanya.

Mchumba nilitafutiwa na shangazi yangu wa Kihagara, kule ziwani kwetu. Aliona nimetimiza miaka ishirini na sita nikiwa na vitabu tu. Akaongea na familia moja ya Mbaha, kijiji cha jirani, watu wa kanisa letu, ambao kijana wao alikuwa karani Dar es Salaam, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ikakubaliwa tubadilishane picha, na kwamba Krismasi atakuja likizo na barua ya posa itapelekwa.

Picha yake ilitangulia. Ameegemea gari jekundu ambalo, kwa jinsi alivyoligusa kwa vidole viwili, ilikuwa wazi si lake. Na amevaa koti la ngozi. Dar es Salaam! Watu wanatembea na leso ya kufutia jasho, yeye kajifunga ngozi ya ng'ombe mpaka shingoni. Mtu mwenye akili angeicheka ile picha na kuirudisha kwenye bahasha. Mimi niliangalia jinsi koti lilivyomkaa mabegani, nikaamua kwamba na mimi nitapigwa picha nikiwa nimevaa la aina hiyo.

Mpiga picha wa karibu na soko alikuwa nalo moja, jeusi, la wateja. Nadhani nusu ya wilaya imepigwa picha na koti lile. Wakulima baada ya kuuza kahawa, wanakwaya, mabwana harusi, hata katekista mmoja mnene kuliko mimi. Siri yake ni kwamba alikuwa amelichana mgongoni kuanzia kola mpaka chini, akashona kamba kama za aproni. Mtu mwembamba alibanwa kwa vibanio vya nguo. Mtu mnene alifungwa zipu kwa mbele, na kilichozidi kikasukumwa nyuma, ambako kamera haifiki.

"Vuta tumbo, mwalimu," aliniambia. "Mikono mfukoni. Usipumue mpaka nikwambie."

"Utaniambia lini?"

"Ukianza kuongea tumbo linarudi, mwalimu."

Nyuma yangu kulikuwa na pazia lililochorwa ndege inayoruka. Pazia hilo ndilo peke yake lililouona mgongo wangu, blauzi ikiwa imefura kati ya kamba kama unga ulioumuka. Kwa mbele nilikuwa na kiuno. Sikuwahi kuwa na kiuno kabla ya hapo, na niliitazama ile picha kama mtu anayetazama nyumba ambayo hataweza kuijenga.

Shangazi hakuipenda. "Watu wa Mbaha watadhani huku hatuli," alisema, lakini aliipeleka. Baada ya wiki tatu barua ikaja kutoka Dar. Karani aliandika kwamba amefurahi kuona bado wapo wasichana wa kwetu wanaojali umbo, na kwamba kule mjini wanawake wakishaajiriwa tu wanajiachia. Barua ya namna hiyo mwanamke aliyesoma huichana vipande. Niliisoma mara nyingi, nikaenda sokoni kununua raba za mitumba.

Nikaanza kukimbia. Nilitoka alfajiri, nikashuka barabara ya vumbi mpaka darajani na kupanda tena, kati ya miteremko yenye mashamba ya ngoro, yale mashimo ambayo wanawake wa Kimatengo huchimba kwa jembe, maelfu kwa maelfu, mtoto akiwa mgongoni. Wanawake hao hawakuwahi kuhitaji raba. Siku za kwanza waliniangalia tu.

Siku ya nne au ya tano nilisikia miguu nyuma yangu. Sikugeuka, kitabu kimoja cha mazoezi nilichoazima kilisema usigeuke. Miguu ikaongezeka. Nikasikia mtu anahema, mwingine anafunga khanga vizuri huku akikimbia, kisha nikasikia kilio, kile cha mwanzo, cha chini, ambacho mtu hukianza akiwa bado hana uhakika. Nilipofika darajani nikageuka. Walikuwa wanawake saba na mzee mmoja mwenye fimbo.

"Mwalimu," akasema aliyetangulia, akishika mbavu. "Ni nani?"

"Nani nini, mama?"

"Aliyefariki."

Kule hakuna anayekimbia alfajiri bila sababu. Ama nyumba inaungua, ama kuna msiba, na moshi hawakuuona. Waliponiona nakimbia siku hiyo na uso umekunjamana (ilikuwa ni pumzi tu), waliacha majembe na kunifuata, kama watu wenye adabu.

"Hakuna aliyefariki," nikasema.

"Sasa huyu analia nini?" akauliza mzee.

Aliyekuwa akilia akanyamaza, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mimi nililia kwa sababu mwalimu alikuwa anakwenda kwa nguvu. Nikasema, huyu ni wa karibu. Labda mama yake."

"Nafanya mazoezi," nikasema. "Napunguza mwili."

Walinitazama kuanzia raba mpaka kichwani, bila haraka.

"Unaupunguza unaupeleka wapi?" akauliza mmoja.

"Nimeacha maharage jikoni," akasema yule mliaji, "yanaungua, kwa sababu ya kiuno cha mwalimu?"

"Mwalimu, kama mwili unakusumbua, kesho njoo shambani kwangu. Jembe lipo, na hakuna atakayekulilia," akasema mwingine.

Wakarudi wakipanda mlima, wakicheka mpaka kona ya pili. Tangu siku hiyo, kila nilipopita walipigiana kelele kutoka mteremko hadi mteremko: "Hajafa mtu! Ni mwalimu tu!"

Ningeacha, lakini nilikuwa na kipimo. Kila Jumamosi nilipita kwa mpiga picha, akanivalisha koti, akafunga zipu, kisha akaenda nyuma yangu kupima kwa mkono uwazi uliobaki kati ya pindo na pindo. Mwanzoni ulikuwa shubiri nzima. "Vidole saba, mwalimu." "Vidole sita, umejitahidi." Mwezi wa nne wa kukimbia vilikuwa vinne. Nilikuwa nakunywa uji mwepesi asubuhi na kula kabichi jioni, na darasani nilimfukuza mwanafunzi nje kwa sababu alikuwa na muhindi wa kuchoma mfukoni. Siku hizi nikiwaona vijana mjini wakilipa ili wakimbie juu ya mkanda unaozunguka mbele ya kioo, bila kwenda popote, naandaa dharau yangu, kisha nakumbuka vile vidole vinne na jinsi nilivyovifurahia kuliko shahada.

Likizo fupi nilishuka ziwani. Basi lilinishusha na jua la huko likanipokea. Shangazi alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja, mikono imejaa magamba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akanitazama, akaacha kazi. "Nyama zako umempa nani?"

Jioni aliniwekea mbasa wa kuchoma, samaki mzima, na ugali wa muhogo. Nikala kipande cha mkia nikasema nimeshiba. Shangazi akamfunika samaki aliyebaki, akaosha vyombo. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Mwanangu, wameanza kuniuliza kama unakohoa."

Miaka ile hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya swali hilo. Mtu akikonda ghafla alizikwa kwa minong'ono kabla ya kuugua. Pale pale kijijini tulikuwa tumekwisha zika kweli, na si mmoja. Mimi niliyekuwa nikijipongeza kwa vidole vinne sikuwahi kufikiri kwamba watu waliokuwa na makaburi mapya nyuma ya nyumba zao wangeutazama mwili wangu na kuona kitu kingine.

"Siumwi, shangazi. Ni kwa sababu ya picha." Nikamweleza kila kitu, zipu, kamba, pazia, vidole.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atacheka.

"Kwa hiyo mimi nimepeleka Mbaha picha ya mtu ambaye hayupo."

"Nitakuwepo, shangazi. Bado miezi miwili."

"Picha niliipeleka kwa mkono wangu. Nikakaa sebuleni kwao nikanywa chai yao, nikasema huyu ndiye. Akija Krismasi akasema amedanganywa, wewe utarudi Mbinga kwa wanafunzi wako. Mimi nitabaki hapa, nikikutana nao kanisani kila Jumapili." Akanyanyuka. "Mpigie simu huyo kijana. Mwambie ukweli sasa, kabla ndugu hawajaandika barua. Akikutaka, akutake wewe. Na yule samaki ummalize, sijamchoma kwa ajili ya paka."

Nilimmaliza.

Mbinga ya wakati huo simu ya mbali ulikwenda posta, ukaandikisha namba, ukakaa kwenye benchi mpaka opereta akuite. Opereta wetu alikuwa dada mpole aliyekaa nyuma ya ubao wa waya, na alisikia mambo ya wilaya nzima bila kubadilisha uso. Niliitwa baada ya saa nzima. Nikaingia kwenye kibanda, nikasikia sauti ya karani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sauti nzuri. Hilo nalikiri pia.

"Mchumba! Vipi baridi huko?"

Nikamwambia moja kwa moja, maana muda ulikuwa mfupi. Koti la kwenye picha ni la studio. Limechanwa nyuma. Mimi si mwembamba namna ile, wala sijawahi kuwa.

Nikasikia taipureta ikigonga kule ofisini kwake.

"Sasa," akasema taratibu, "tofauti ni kubwa?"

"Ya kutosha."

"Mfano, ungekuwa umesimama na mtu ambaye..." Akaacha. "Basi, si neno. Hilo linarekebishika. Kuna jamaa hapa anauza majani ya chai ya kukata tumbo, yanatoka nje. Nitakutumia pakiti mbili kwa basi. Bado kuna miezi miwili. Ukiacha wanga kabisa..."

"Na lile koti lako," nikauliza, "ni lako?"

"La rafiki yangu. Lakini mimi lilinienea." Alilisema bila aibu yoyote, kama mtu aliyefaulu mtihani. "Usinielewe vibaya, mwalimu. Mimi sina tatizo. Tatizo ni kwamba picha nimewaonyesha watu hapa ofisini. Bosi mwenyewe ameiona. Sasa ukija mwingine, mimi nitaonekanaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na kwa kukataliwa nilikuwa nimejiandaa pia. Nilikuwa na sentensi mbili za heshima, nimezitunga kwenye benchi. Hakuna hata moja iliyomtaja bosi. Nilisimama mle kibandani na mkono wa simu sikioni, nikiwaza jinsi nitakavyokunywa chai ya kukata tumbo kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, ili bosi wa watu asishangae.

Opereta akaingia katikati. "Mwalimu, dakika tatu zimekwisha. Niongeze?"

"Mwambie aongeze," sauti ya Dar ikasema haraka, "bado hatujamaliza."

"Tumemaliza, dada," nikasema, na yule dada akachomoa waya kabla sijashusha mkono.