Jumba la Kiingereza la Observatory na vyumba nilivyoviandika "stoo"

Wakuu, salaam. Hili lilinitokea mwenyewe hapa Joburg, sitii chumvi.

Mimi ni Mtanzania, nachora ramani za majengo kwenye ofisi ndogo Marshalltown. Mwaka jana boss alinituma mtaa wa Observatory kupima jumba la zamani. Client alitaka kuligeuza hoteli, na jengo la kale huku haliguswi mpaka lichorwe lote.

Lilijengwa na tajiri wa migodi, Mwingereza aliyekumbuka kwao. Kuta nyeupe zenye mihimili myeusi, dohani ndefu, mlango wa mbao za mwaloni ulioletwa kwa meli.

Ngazi kuu ni pana, watu wanne wanapanda sambamba. Nyuma ya ukuta kuna ngazi nyingine nyembamba ya watumishi, ili wageni wasikutane nao.

Nilipima wiki mbili. Hata maua ya kwenye dari niliyachora moja moja. Niliringa, nakiri.

Uani kulikuwa na vyumba vitatu vidogo, vitupu. Sakafuni matofali tu, mafungu manne kila chumba. Nikajua ni vifaa vya fundi. Nikaandika STOO.

Ramani ikapelekwa kwa mamlaka ya majengo ya kale, ikapitishwa.

Siku niliyorudi kufuata ngazi yangu ya aluminiamu, nilimkuta bibi mmoja getini. Huku bibi anaitwa gogo. Mama yake alikuwa mpishi wa jumba lile, naye alikuja kupaona alipozaliwa.

Nikamwonyesha ramani kwenye simu kwa majivuno. Akauliza chumba cha mama yake kiko wapi.

Aliposema kilikuwa uani, nikamwonyesha palipoandikwa STOO, nikamweleza nilivyokuta mafungu ya matofali tu.

"Eish, mwanangu," akasema, "hayo matofali ni ya miguu ya kitanda. Mama alikiinua ili tokoloshe asimfikie."

Tokoloshe ni zimwi fupi, wenyeji wanaamini huwajia watu usingizini. Mimi mgeni ningejuaje? Ningeuliza, basi.

Boss aliniambia ramani ikifunguliwa upya client anaondoka. Nikaandika barua ya masahihisho kwa mamlaka, halafu nikakaa nayo siku nne nikiogopea kibali changu cha kazi. Wakuu, hizo siku nne ndizo zinaniuma.

Nilipoipeleka, vyumba vilishabomolewa. Stoo hailindwi na sheria. Sasa ni parking.

Nilikwenda kwa gogo kumwambia mwenyewe. Akauliza kama naweza kuandika jina la mama yake kwenye ile karatasi.

Nikamjibu kwamba ramani hazina majina ya watu.

"La yule tajiri umeliandika pale juu," akasema.

Kweli lipo, kwa herufi kubwa. Jumba linaitwa kwa jina lake.

Nilichojifunza: usikipe chumba jina kabla hujamuuliza aliyelala humo. Na ukijua umekosea, sema siku hiyo hiyo.

Mama yake aliitwa Thandeka. Naliandika hapa kwa sababu kule halipo.

Wakuu mnaopima na kujenga, nanyi mmewahi kumfuta mtu hivi? Semeni, nasoma yote.